Mgumu Kama Nini

Tangu mama mmoja alipotokwa damu baada ya kujifungua, akamfia mikononi wodini, Tunu alikuwa hasemi na mtu. Asubuhi hiyo, kabla ya kipindi, Siwema, mwanafunzi aliyeongoza kwa alama katika darasa lao la ukunga, alimvuta kando, akamlaza mdoli wa kitambaa mezani.

“Kondo la nyuma likishatoka, ukiona damu haikati, unaukanda mfuko wa uzazi mpaka uwe mgumu,” alimwelekeza.

“Mgumu kama nini, shoga?”

Siwema alimbonyeza mdoli tumboni. Maelezo hayohayo yalimpa alama zote kwenye mtihani, lakini chini ya vidole vyake kilikuwa kitambaa laini tu. Hakujua.

“Ndicho nilichotaka kuuliza darasani tulipofundishwa jambo hili,” Tunu alisema. “Niliogopa mtanizomea.”

Na mwanzilishi wa kuzomea kila siku alikuwa Siwema mwenyewe.

Mwalimu alipoingia, Siwema alinyoosha mkono. “Mwalimu, tukiukanda mfuko wa uzazi, uwe mgumu kama nini?”

“Weee!” darasa zima likazomea, kama alivyolizoesha.

Hakuushusha mkono. Kando yake, Tunu alikuwa ameikunja kanga yake mapajani, anaikanda, anaikanda, macho kwa mwalimu.