Ambindwile Ametubu Tena

Elina aliingia kanisani Bulyaga katikati ya mahubiri, tope mpaka magotini, kandambili moja tu mguuni. Kwaya ilipomwona ikajua tayari: mumewe Ambindwile amekufa hospitalini. Sauti ya kwanza wakaanza kulia papo hapo.

"Hajafa!" Elina akasema, akihema. "Amekaa kitandani, anakula!"

Lo! Vigelegele, ngoma, watu wakakumbatiana. Elina yeye alisimama tu, machozi yakimtiririka, na wenzake wakasema ni furaha.

Maana Ambindwile, jamani, hakuwa mtu wa mchezo. Alipougua malaria kali alitubu, akapona, na homa haijamwisha vizuri akaonekana kilabuni anafyonza pombe ya kimpumu kwa mrija. Alipopigwa pembe na ng'ombe akatubu tena, akapona, akahamia Masukulu kwa mama muuza pombe. Elina akamfuata huko huko, akamrudisha, akamwogesha. Alimpenda yule mzee, tusidanganyane. Miaka yote alimwomba Mungu jambo moja tu: huko mbinguni wawe wote wawili. Bila yeye angekaa na nani huko? Angemgombeza nani?

Jana, madaktari walipokata tamaa, Ambindwile alitubu toba ambayo hata manesi waliacha kazi wakasikiliza. Alitaja mpaka kuku aliyemwiba utotoni. Mchungaji Yohane akamwekea mkono kichwani, kisha akamgeukia Elina.

"Mama, mzee sasa ni mweupe pe! Yule mnyang'anyi msalabani alitubu dakika ya mwisho, na siku ileile akaingia peponi. Mzee naye akiondoka sasa hivi, haulizwi kitu mlangoni."

"Kweli, Baba Mchungaji? Haulizwi hata ya Masukulu?"

"Hata ya Masukulu."

Elina alitandika kitenge sakafuni, akalala usingizi mzito.

Asubuhi mgonjwa akafumbua macho, akadai ndizi nyama. Alipomaliza bakuli akamtazama vizuri nesi aliyekuja kumchoma sindano, akamwuliza kama ameolewa. Daktari akacheka sana. Akasema mzee huyu kesho anarudi kwake. Hapo ndipo Elina alipotoka mbio kwenye mvua.

Sasa mchungaji alikuwa amemshikisha kipaza sauti. "Toa ushuhuda, mama! Waambie Mungu wetu alivyo mkubwa!"

"Sikuja na ushuhuda, Baba Mchungaji. Nimekuja na ombi."

"Sema tu! Kanisa zima litapiga magoti, na hatuinuki mpaka Bwana ajibu!"

Kanisa zima likapiga magoti, wazee kwa watoto. Elina akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge.

"Ndaga fijo, asanteni," akasema. "Mwombeeni afe leo, kabla hajapona vizuri."