Bi Vimla Auliza Duka

Godfrey alikuwa ameshamtembeza Bi Vimla maduka mawili, na hakuna kati yao aliyeinuka kwenye kiti. Maduka yenyewe yalikuwa ndani ya kompyuta, katika kibanda cha mtaa wa Utemini ambako Godfrey alitengeneza laptop na kutoa ushauri, ulioombwa na usioombwa.

Alikuwa amemwamkia vizuri, shikamoo kamili, kama inavyostahili mama wa miaka sitini na mbili anayeuza vitambaa mjini. Baada ya hapo heshima ikaisha.

"Lile la kwanza ndilo kubwa, mama, lina kila gemu. La pili linagawa gemu za bure kila wiki. Hili la tatu, ukishanunua, gemu ni yako hata bila intaneti. Shida ni kwamba kila duka lina programu yake ya kufungulia gemu. Ukiweka zote tatu, laptop itahema kama imepanda mlima."

Bi Vimla aliandika kwenye daftari. "Lipi linakata kidogo?"

Godfrey akatabasamu kwa huruma. "Yote yanakula bando, mama."

"Na wakiikataa gemu, wanakueleza sababu?"

"Itakayokataa ni laptop. Duka halina neno." Akamgeukia Flora, mteja aliyekuwa akisubiri chaja, ili wacheke pamoja. Flora hakucheka.

"Lazima nichague leo," alisema Bi Vimla.

"Nani anakukimbiza? Mjukuu? Ana miaka mingapi? Zipo gemu za kupanga matunda, rahisi kabisa. Hizi nyingine usijisumbue nazo, zinataka kichwa."

"Sina mjukuu, mwanangu."

Godfrey akamwonea huruma zaidi. Mama mpweke, akawaza, anatafuta cha kupitishia jioni. Kwa ukarimu wake wote akamchagulia duka la pili, lile la vya bure, akaanza kumfungulia akaunti bila kumuuliza.

"Siyo hapo," alisema Bi Vimla. "Shuka chini. Bado. Hapo, palipoandikwa watengenezaji."

Mkono wa Godfrey ukasimama juu ya mausi.

"Gemu yangu nimeitengeneza kwa miaka minne," alisema Bi Vimla, akigeuza ukurasa wa daftari. "Watu elfu kumi na moja wameshaijaribu, na wananisumbua kila siku. Nilitaka kujua tu niwauzie wapi, na duka lipi litanikata kidogo kwenye mauzo."