Nondo wa Pili wa Lukozi

Mwanamisi alimkata nondo tumbo kwa wembe, akalichemsha katika kostiki soda, ile ya watengeneza sabuni, mpaka nyama yote ikayeyuka. Kilichobaki, kidogo kuliko punje ya ulezi, akakiweka chini ya darubini. Alitazama. Akafuta lenzi kwa upindo wa kanga, akatazama tena.

"Haiwezekani," alisema.

Huyo alikuwa nondo wa tatu asubuhi ile, na alitamani kwa roho yake yote afanane na wa kwanza.

Kwa miaka ishirini na sita alipasua nondo kule Amani, kwenye kituo cha utafiti, mpaka alipopunguzwa kazi akarudi kwao Lukozi na darubini kuukuu. Alikuta ushirika wa wakulima umeshakufa. Dawa za wadudu wa mboga sasa aliziuza Hafidhi, ambaye kabla ya biashara huria alikuwa fundi redio. Watu walimwita daktari, naye akaitika.

Msimu huo viwavi, watoto wa nondo, walizitoboa kabichi zikawa kama chekeche. Wakulima walipolalamika kwamba dawa ya chupa nyekundu haiui, Hafidhi hakubabaika.

"Nondo wenu ni wawili," aliwaambia. "Sura moja, ukoo mbalimbali. Nyekundu inaua mmoja. Wa pili anataka chupa ya bluu, na kwa bahati nzuri imeingia jana."

Mwanamisi alicheka mbele za watu. "Nondo ni mmoja. Na mwongo ni mmoja."

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Zuberi, akaamua: Mwanamisi apime. Hafidhi akibainika mwongo, afunge duka.

Basi ndiyo hayo aliyokuwa akiyatazama. Dume wa kwanza, viungo vyake vya uzazi vilikuwa na kulabu. Huyu wa tatu alikuwa na kitu kama kijiko. Mabawa yale yale, madoa yale yale, lakini kwa maumbile hayo wasingezaa pamoja hata wakilazimishwa. Alipasua madume kumi na tisa. Kumi na mmoja kulabu, wanane kijiko.

Akayalaumu macho yake. Aling'oa miguu ya nondo wote, kila mmoja kichupa chake, akampelekea Yudith, binti aliyemfundisha kushika wembe na ambaye sasa alikuwa mhadhiri Morogoro. Yudith akaituma ng'ambo ipimwe vinasaba.

Jibu lilichukua wiki sita. "Mama, ni wawili," aliandika Yudith. "Vinasaba vinakubaliana na wembe wako, hujakosea hata mmoja."

Barua ilikaa siku nzima chini ya kopo la sukari. Mwanamisi alipika, akafagia, akapita karibu nayo mara kumi. Ilikuwa rahisi kuitia motoni, na Hafidhi angerudi kwenye redio zake. Kesho yake akavaa kanga mpya, akaenda kwenye mkutano wa kijiji.

"Nilimwita Hafidhi mwongo," alisema. "Nondo ni wawili. Nimekosea mimi. Naomba radhi."

Watu wote wakamgeukia Hafidhi, wakingoja ajigambe. Alikuwa kaachama. Ilibidi mtu amguse bega ndipo akakohoa, akarekebisha kola ya shati, akasema, "Sayansi, ndugu zangu. Sayansi haina mjomba."

Mzee Zuberi alimpa mkono. Kufika adhuhuri, chupa za bluu zilikuwa zimekwisha dukani. Hata Mwanamisi alibeba moja, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki.

Alasiri ile Hafidhi alipita mlango wa uani, akavua kofia, akaketi kwenye kigoda bila kukaribishwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kunicheka?"

Hafidhi alichungulia njiani kama kuna mtu, kisha akasogeza kigoda karibu yake.

"Hivi, mama," alinong'ona, "huyo nondo wa pili dawa yake ni ipi? Shamba langu lote linakwisha."