Mama Chini ya Tuta

Kwa sheria ya siku hizo, mhandisi aliyekabidhiwa tuta la bwawa la matope yenye sumu ya mgodi alilazimika kumhamishia mama yake mzazi bondeni, chini ya tuta lenyewe, ili asizembee kazini. Milembe hakuwahi kuzembea. Asubuhi ile alikuta maji yakichuruzika kwenye kitako cha tuta, na udongo ukibonyea chini ya buti zake kama ugali usioiva. Akaiita Mashine ya Usalama, ambayo peke yake ndiyo iliyoweza kuamuru watu wahame.

"Vipimo vyangu viko sawa," ikamjibu. "Na wewe una mama bondeni. Mwenye mama bondeni huona nyufa kila mahali."

"Si ndiyo sababu mkamweka pale?"

"Taarifa yako imepokelewa."

Akateremka mbio hadi lango la bonde, lililowafungukia tu wale liliowatambua, likamfungukia akapita. Mama yake, Bi Kabula, alikuwa uani akichambua mchicha.

"Mama, inuka tuondoke!"

"Tuondoke vipi, mwanangu? Lango hilo halinitambui."

Hata hivyo Milembe akamshika mkono, akamkokota hadi langoni. Lango lililokuwa limemfungukia yeye likajifunga mbele yao. Akalisukuma kwa bega, akalipiga mateke, akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Kisha wakarudi uani.

"Basi leo nalala hapa," akasema.

"Kweli? Tangu Pasaka hujalala kwangu!" Bi Kabula akaingia ndani kutafuta shuka safi, akiimba.

Milembe akavua buti, akavuta ungo wa mchicha, akaketi akilipa tuta kisogo.