Nusu Kikombe cha Chai

Bibi alikunywa chai nusu kikombe, akaifunika iliyobaki kwa kisahani.

"Mama, maliza basi," Farhana alisema, akimtabasamia mgeni. "Humu ndani chai haijawahi kupungua."

"Hiyo ni ya baadaye."

Mgeni alikuwa Acayo, muuguzi aliyezunguka mtaa wa Kyebando na utafiti wa wazee na familia zao. Mzee anayetaabika angepata muuguzi wa kumtembelea kila wiki. Familia inayotunza vizuri kuliko zote ingeitwa kwenye hoteli moja ya Nakasero, ipigiwe makofi na kupigwa picha. Farhana alikuwa ameshashonesha gauni la picha.

Fomu ilisema: Bi Salme, mama mzazi wa Mahmoud, miaka themanini na moja. Mahmoud mwenyewe alikuwa dukani Kikuubo. Farhana, mkewe, akajibu kila kitu.

"Anakula mara ngapi kwa siku?"

"Mara nne. Matunda sihesabu."

"Nani anamwogesha?"

"Mimi, kwa mikono yangu hii." Akainyoosha. Kucha zilikuwa ndefu na nyekundu, hazijui hata sabuni ya kufulia inafananaje.

Bibi alizitazama kucha hizo, akaguna.

Acayo akampima presha. Akapima tena. "Kadi yake ya kliniki inasema presha iko juu sana. Leo ni kama ya msichana!"

"Matunzo, sista. Andika hilo. Matunzo!"

Kitu kikaanguka stoo. Farhana akaongeza sauti ya redio.

"Panya," alisema. "Mume wangu anaweka mchele humo. Sasa, kuhusu picha, tutasimama sote, au mimi na Mama tu?"

Acayo alipiga magoti mbele ya kiti cha bibi, akazivuta vizuri ndara zilizokuwa zikimpwaya miguuni.

"Jajja, swali la mwisho ni lako peke yako. Unataka tukusaidie nini?"

"Hana shida yoyote," Farhana alisema. "Weka alama hapo, tumalize."

Acayo hakuweka alama. Alishusha kalamu, akasubiri. Hakutazama saa wala simu. Alisubiri tu, kama mtu mwenye siku nzima.

Bibi akainuka polepole. Akaivua khanga mpya aliyovishwa kwa ajili ya picha, akaikunja vizuri, akamwekea Farhana mapajani. Akajitanda upya khanga yake kuukuu iliyokuwa ndani. Kisha akachukua kikombe chake, akauendea mlango wa stoo na kuvuta komeo.

"Mimi sina shida, mwanangu. Naitwa Rukiah, wa nyumba ya tatu kutoka hapa. Hapa nimeazimwa mpaka saa sita. Salme yuko huku, nyuma ya magunia. Njoo, chai yake inapoa."