Kumbatio la Shemeji

Tangu watu wapandikizwe ngozi ya mnyoo tegu, hakuna aliyetafuna tena: unajilaza kwenye beseni la supu, mwili unajinyonyea wenyewe. Ila ngozi hiyo haichagui. Hunyonya chochote inachogusa.

Siku hiyo Shekuwe ndiyo kwanza anatoka kwenye mchuzi wa pweza, hata hajajifuta, shemeji yake Mbarouk akapiga hodi. Mila ni mila, wakakumbatiana.

"Shemeji, nimekukumbuka mno!" Mbarouk akamng'ang'ania kama kupe. Alipomwachia, mashavu yake yamenawiri. Shekuwe anatetemeka kwa njaa.

"Nduguyo kaninyonya mlo mzima!" Shekuwe akamlalamikia mkewe, Mwanaidi.

"Pole, mume wangu," Mwanaidi akasema, akamshika shavu kwa huruma.

Huruma hiyo ikachukua muda mrefu. Mashavu ya Mwanaidi yakaanza kunawiri.