Sebule Isiyo na Mwangwi

Kufika saa nne asubuhi, wanawake sita walikuwa wamekaa chini uani kwa Landry, vitenge vimefungwa kiunoni, wakilia kwa sauti zao zote. Landry alisimama mlangoni, nyundo mkononi, hajui aanzie wapi kuwanyamazisha.

Kosa alijua ni lake. Kisangani, ukitoa viti vyote nje na kuingiza magodoro sebuleni, majirani hawangoji kuambiwa: hapo kuna matanga. Na yeye tangu alfajiri alikuwa akifanya hivyohivyo, mbele ya macho ya mtaa mzima. Hata kabati la vyombo alilitoa.

Lakini magodoro yake hayakuwa ya kulaza wafiwa. Yalikuwa ya ukutani.

Mwaka jana alimrekodi baba yake, Papa Hubert, mvuvi wa kijiji cha Yanonge alikokaa na mdogo wake Sadrack, akiimba nyimbo za kupiga kasia ambazo hakuna mwingine katika ukoo aliyezijua mpaka mwisho. Kuta za saruji na bati la juu vikairudisha sauti kila upande. Mzee aliposikilizishwa, alikunja uso.

"Huyu haiko mimi," alisema. "Huyu iko mutu ndani ya pipa."

Tangu siku hiyo Landry hakupata amani. Baba alikuwa na miaka sabini na tisa. Nyimbo zile alikuwa nazo kichwani peke yake, na kichwa cha mtu hakina nakala.

Sponji za studio hakuziweza kwa bei. Rafiki yake Dady, fundi wa sauti, akamwonyesha njia ya wasio na kitu: viti vya mbao vitoke, magodoro yasimamishwe ukutani, blanketi dirishani, vitenge vya marehemu mama vining'inizwe chini ya bati. Maikrofoni alimwazima, ya kuchomeka kwenye simu. "Na simu uweke mode avion, isishike mtandao, tangu usiku, usisahau," alimwonya. "Mutu akikuita katikati, kazi yote inaharibika." Landry akaiweka hivyo jana usiku. Kesho Dady alikuwa anasafiri na maikrofoni yake. Kwa hiyo ilikuwa leo, mzee akifika kwa mtumbwi wa saa nane, au basi tena.

Kulipoanza kupambazuka Landry alipita nyumba kwa nyumba kuazima magodoro. Mama Chantal, jirani wa mbele, hakuuliza hata ni la nini. Alimpa lake la kulalia, kisha akamshika mkono muda mrefu.

"Courage, papa, jikaze," alimwambia.

Landry akaondoka na godoro kichwani, akijisemea kwamba majirani wa namna hii hawapatikani kila mahali.

Saa tatu na nusu alisimama katikati ya sebule, akapiga kofi moja. Sauti ikafia hapohapo. Akapiga tena, akacheka peke yake. Ndipo kilio cha kwanza kilipoingia kupitia dirishani, safi kabisa, kila neno lake likisikika: "Papa Hubert eee!" Dady alikwisha kumwambia hilo pia. Magodoro yanaua mwangwi wa ndani. Kelele za nje hayazizuii hata kidogo.

"Ba mama, pardon," alisema sasa, akiinua mikono. "Hapa hakuna matanga. Papa iko muzima! Anakuja na pirogue ya saa nane."

Kilio kikaongezeka maradufu.

"Tunajua anakuja," Mama Chantal alimjibu taratibu. "Tutamungojea pamoja na weye."

Tonton Juma, mchuuzi wa kutoka Maniema anayekaa nyumba ya kona, akaingia na turubai begani.

"Tonton, rudisha hiyo bâche," Landry alimsihi. "Minatengeneza studio tu. Ya kurekodi papa."

Juma alimwangalia kwa huruma, kisha akaanza kufunga kamba kwenye mti wa uani. "Bon. Studio," alisema, kama mtu anayemkubalia mgonjwa wa homa.

Landry aliomba wampe saa moja tu ya ukimya. Wakampa. Hazikupita dakika kumi, akaingia Mama Benie kutoka sokoni, akajitupa chini getini, na wote wakaanza upya. Akafunga mlango. Akaongeza blanketi la pili dirishani. Akasukuma godoro mlangoni, akaliegemea kwa mgongo. Kilio kilipita vilevile.

Basi akakaa sakafuni katika chumba chake kizuri, mbele ya kiti kimoja alichokibakiza kwa ajili ya mzee, na machozi ya hasira yakamtoka. Alimjua baba yake. Mzee aliyeogopa hata kuota amekufa angefika kutoka bandarini akute watu wanamwita marehemu. Asingeimba hata neno. Angegeuka palepale, arudi mtoni. Na mtu wa kumlaumu hakuwepo, maana wote hawa walikuja kwa wema.

Saa saba ikampata bado amekaa hapo. Hapo akashindwa kabisa. Akalisukuma godoro, akatoka nje.

"Ni magodoro!" alipiga kelele. "Mumeona magodoro, mukafikiri mutu amekufa! Papa akisikia hii kilio yenu, atarudia Yanonge!"

Juma akaiachia kamba. Mama Chantal aliinuka polepole, akamkaribia Landry, akamtazama usoni kwa makini.

"Magodoro gani, Landry? Tonton yako Sadrack aliniita ku simu mbele jua itoke. Alisema ya kwako ilikataa usiku yote." Akamshika mkono tena, kama alfajiri. "Wanamuleta na pirogue ya saa nane."